Pesa Bado Haijakauka

Kila muhula unapokwisha, makao makuu ya chuo hututumia fomu. Ni kurasa mbili, na sehemu iliyopewa nafasi kubwa kuliko zote ina kichwa cha herufi nene: MAFANIKIO YA KAMPASI. Chini yake kuna mistari kumi ya kujaza, na chini ya mistari kuna agizo dogo kwamba kila fanikio liambatishwe picha. Nimeijaza mara nyingi hadi mkono wangu unaijua njia peke yake: mahafali yalifana, kompyuta zimeongezeka, timu ya mpira imeshiriki, mgeni rasmi alifika. Nusu saa inatosha, kisha naituma na kwenda kunywa chai.

Safari hii fomu ilikaa mezani siku nne na nikajaza mstari mmoja tu.

Mitihani ilikwisha Ijumaa. Arua, mji wetu wa kaskazini-magharibi mwa Uganda, imeanza kukauka. Mvua zimeaga, vumbi jekundu limeanza kukaa juu ya majani ya miembe, na kwenye kamba za hosteli za jirani zimebaki nguo chache zilizosahauliwa. Kampasi yetu ni ndogo, tawi la chuo binafsi ambacho makao yake yako mbali, safari ya karibu kilomita 500 ukivuka Nile pale Pakwach na kuivuka tena Karuma. Mimi ndiye mkuu wake. Ni Mnubi wa Bombo, nimekulia kwenye Kinubi cha jikoni na Kiswahili cha kambi ya jeshi, nikasomea takwimu, na hadi leo nafundisha somo moja kila muhula kwa sababu naogopa kuwa kiongozi aliyesahau darasa linanukaje.

Nataja takwimu kwa sababu ndizo zilizoniaibisha.

Mwaka jana niliandika kwenye fomu hiihii, mstari wa kwanza, kwamba kiwango chetu cha kufaulu kimepanda. Nikachora na grafu. Kwenye kikao cha wakuu wa kampasi grafu yangu ikaoneshwa ukutani, watu wakapiga makofi, na mimi nikajibu kwa ile sauti ya unyenyekevu ambayo mtu huifanyia mazoezi kwenye gari. Niliporudi Arua, mama wa kantini aliniwekea chakula, akasimama pembeni ya meza, mikono kiunoni.

"Dokta, nasikia mnasema chuo kinakua. Mbona sahani zangu zinapungua?"

Nikamuuliza ana maana gani. Akanieleza kama mtu anayemweleza mtoto. Muhula ukianza anabandika sufuria mbili za maharage. Wiki ya nane anabandika moja. Wiki ya mitihani hata hiyo moja inalala. Nikasema labda wanafunzi wamehamia kwa vijana wa barabarani, kikomando ni rahisi zaidi. (Kikomando, kwa asiyekijua, ni chapati iliyokatwakatwa ikamwagiwa maharage; kuna shahada nyingi nchini hapa zimejengwa juu yake.) "Hata kijana wa chapati analia," akasema, akaondoka na kitambaa chake.

Jioni ile nilichukua orodha mbili: ya waliojisajili mwanzo wa muhula na ya waliokaa kwenye mtihani. Sikuwa nimewahi kuziweka pamoja. Kila orodha inatoka ofisi yake na kwenda kwenye faili lake, na hesabu ya kufaulu tunaifanya kwa wale waliofanya mtihani tu. Fikiria darasa la watu 40. Wakifaulu 30, umepata 75 kwa 100. Sasa waondoke 8 kati ya wale 10 ambao wangeanguka. Wamebaki 32, waliofaulu ni walewale 30, na wewe umepata karibu 94 kwa 100. Hujafundisha kitu kipya, hujanunua kitabu. Watu wamekwenda zao, ripoti yako imependeza. Mwanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza akifanya kosa hilo namrudisha akarudie somo zima, na mimi nilikuwa nimepigiwa makofi.

Nilipohesabu kuanzia kwa walioanza muhula, kufaulu kwetu hakukuwa kumepanda hata kidogo. Kulikuwa kumeshuka.

Tulipaswa kujua mapema. Shule za Uganda zilifungwa Machi 2020, na za msingi na sekondari hazikufunguliwa kwa wote hadi Januari 2022. Vyuo navyo vikafunguliwa kwa mafungu, vikafungwa tena katikati ya 2021. Tuliporudi kulikuwa na viti vitupu na kila mtu akasema ni Korona. Ikapita, viti vikabaki vitupu, na kwa kuwa hatukuwa tena na wa kumlaumu, tukaacha kuvitazama.

Basi muhula huu niliomba kitu kimoja kwa wahadhiri: wiki ya tano, kila mmoja asome majina darasani. Wengine walikereka. Kuita majina ni mambo ya sekondari, wakasema, hawa ni watu wazima. Kweli ni watu wazima. Lakini muhula wetu una wiki 17, 15 za masomo na 2 za mitihani, na wiki ya sita ndiyo tarehe ya mwisho ya kulipa nusu ya ada. Asiyelipa anafungiwa mfumo, haoni alama zake wala hawasilishi kazi. Nilitaka kujua nani ameanza kupotea kabla mfumo haujamfuta. Kila aliyekosekana wiki mbili mfululizo alipigiwa simu, na mhasibu wetu alilalamika kuhusu vocha kuliko alivyowahi kulalamika kuhusu paa la maktaba.

Simu hizo nilipiga nyingi mwenyewe, saa moja jioni, wakati watu wa vijijini wamerudi nyumbani na mtandao umetulia kidogo. Nilidhani nitasikia mambo mengi tofauti. Nilisikia jambo moja katika lugha tano. Ada.

Baba mmoja wa Terego ndiye aliyenifumbua macho. Mwanawe yuko mwaka wa pili, kijana makini, hakosi darasa, na ghafla kimya. Nilipojitambulisha, mzee alinyamaza, kisha akaniamkia upya kwa heshima zaidi, nikajua anatafuta maneno.

"Mwalimu," akasema, "pesa ipo. Mimi si mtu wa kukimbia deni. Lakini iko shambani. Bado haijakauka."

Nilidhani sikusikia vizuri. Akaeleza: amelima ufuta. Ufuta wa huku hupandwa katikati ya mwaka na kuvunwa mvua zikielekea kukata, Novemba hadi Desemba. Ukishaukata unaufunga mafungu, unayasimamisha yaegemeane kama watu wanaoteta, unasubiri vifuko vikauke na kufunguka midomo. Halafu unalibeba kila fungu taratibu, unaligeuza kichwa chini juu ya turubai na kulitikisa. Ukifanya haraka, mbegu mbichi zinapunjwa bei na mnunuzi. Ukichelewa, zinamwagika ardhini na ndege wanakula ada ya mwanao. Yeye alihitaji kufika nusu ya Desemba. Sisi tulikuwa tumemtaka alipe nusu ya ada Septemba na iliyobaki katikati ya Novemba, na bila kumaliza yote hakuna kadi ya mtihani.

"Kuna mtu wa gari amekuja," akaendelea. "Anataka kununua shamba likiwa limesimama hivihivi. Bei yake ni nusu. Nimemwambia asubiri nisikie chuo kinasema nini." Kisha akasubiri nimwambie chuo kinasema nini.

Nilikuwa na miaka mingi kwenye utawala wa chuo na sikuwahi kujiuliza ile kalenda ya malipo ilitoka wapi. Ilitoka mahali ambapo mzazi hupokea mshahara tarehe 28. Kwa mzazi kama huyo wiki ya sita si mbaya, miezi miwili ya mshahara imepita. Sisi tumeichukua kalenda hiyo na kuileta kwa watu wa ufuta, karanga, tumbaku na mihogo, kisha tukashangaa kwa nini sahani zinapungua. Serikali hugharamia wanafunzi takriban 4,000 wapya kila mwaka katika vyuo vya umma, na ile bodi ya mikopo ya elimu ya juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2014, hukopesha ada lakini kitanda na chakula ni juu ya mwanafunzi. Wengi wa vijana wangu hawako huku wala kule. Wako shambani, wanakauka.

Nikaandika barua makao makuu. Niliomba mzazi mkulima aruhusiwe kuandika ahadi, yenye muhuri wa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji chake, ikisema anavuna nini na lini. Mwanawe afanye mtihani pamoja na wenzake. Matokeo yafungwe hadi deni lilipwe, mwisho nusu ya Januari. Majibu ya kwanza yalikuwa sentensi mbili. Ya pili ilikuwa simu kutoka kwa mkuu wa fedha, ambaye alicheka kwa upole na kusema, "Leo ufuta, kesho utaniletea mihogo, na mihogo haina msimu." Hoja yake haikuwa ya kijinga. Chuo binafsi hakina mjomba serikalini. Ada ya Novemba ndiyo mshahara wa Novemba. Mwishowe walikubali kwa muhula mmoja tu, kwa sharti kwamba nisipokusanya, pengo litakatwa kwenye bajeti yetu. Nilisaini. Usiku huo sikulala vizuri, na sidanganyi nikisema nilianza kuuliza bei ya ufuta kila nilipopita sokoni kama vile nina ekari zangu.

Aliyenishangaza ni mhasibu. Yule wa vocha. Kumbe ni mtoto wa mkulima wa tumbaku, na baba yake aliwahi kuuza shamba likiwa limesimama ili yeye apate kadi ya mtihani wa mwaka wa tatu. Hakuwa amemwambia mtu yeyote ofisini. Alinunua daftari kubwa la mistari kwa pesa yake, akaandika safu: jina, zao, kijiji, siku ya kuvuna, namba ya simu ya mwenyekiti. Kila Jumatatu alinijia na daftari lake kwapani. "Bosi, karanga za Madi-Okollo zimeuzwa. Wawili wamelipa." Au, "Bosi, kule kwa huyu mvua imerudi, tumpe wiki."

Wapo waliotuchezea. Kijana mmoja alileta barua safi yenye muhuri wa duara, na mhasibu alipompigia mwenyekiti aliyetajwa, mwenyekiti akasema kijiji hicho hakina hata mtu anayelima ufuta, ni watu wa mchanga wa ujenzi. Baba alikuwa ameshatuma ada yote Agosti kwa pesa ya simu. Mtoto aliipeleka kwenye vibanda vya kubeti, akitegemea timu za Ulaya ambazo hazijui Arua iko wapi. Niliwaita wote wawili ofisini. Baba hakupiga kelele. Alimuuliza mwanawe kitu kimoja kwa Kilugbara, kijana akainamisha kichwa, na hakuna aliyenitafsiria wala sikuomba. Mhasibu alitaka tufute mpango mzima. Nikamkumbusha kwamba hata wenye mishahara wana watoto wanaobeti.

Katikati ya haya yote, wiki ya tisa, nikapata pigo langu mwenyewe.

Alama zilizopotea ni ugonjwa wa vyuo vyetu, na kila aliyesoma Uganda ana hadithi yake. Umefanya mtihani, umesaini karatasi ya mahudhurio, alama haimo. Unazungushwa kutoka idara hadi kwa msajili hadi kwa mhadhiri, na mhadhiri ni wa muda, anafundisha vyuo vitatu, karatasi zako huenda ziko chini ya kiti cha basi la usiku. Kwenye kikao cha wahadhiri nilikuwa nimenguruma. Nilisema atakayekutwa na alama za mwanafunzi hatasainiwa malipo. Niligonga meza.

Siku mbili baadaye akaja msichana wa mwaka wa tatu, mtu wa Koboko, mpole kiasi kwamba hodi yake huisikii. Alikuwa ameshakuja mara mbili na kuambiwa na sekretari nipo kwenye mkutano. Hana alama ya somo moja la mwaka wa kwanza, na bila hiyo jina lake halitaingia kwenye orodha ya mahafali. Nikamwambia, bila kuinua macho, kwamba utaratibu unajulikana, aende kwa mwalimu wa somo.

Akasimama pale. Hakuondoka.

"Dokta," akasema, "mwalimu ni wewe."

Lilikuwa somo langu. Nililifundisha mwaka ule kabla sijapewa ofisi hii. Nikamhakikishia kwamba nilipeleka alama zote, na nilikuwa na hakika kabisa, hakika ya mtu aliyegonga meza. Alipotoka nikafungua droo ya chini, ile yenye ufunguo unaosumbua, ili nijithibitishie. Chini ya mafungu ya fomu za kupima joto za wakati wa Korona kulikuwa na bahasha ya kaki. Ndani yake karatasi 11, zimesahihishwa kwa kalamu yangu nyekundu, jumla imeandikwa juu, yake ikiwa ya tatu. Alikuwa amepata 71.

Nilimpigia simu jioni ileile. Sikujua la kusema, nikasema nilivyoona: karatasi yako ilikuwa mezani kwangu miaka miwili, samahani. Akasema, "Asante, Dokta." Hiyo asante imenikaa rohoni vibaya kuliko ambavyo angenitukana. Kati ya wale 11, wawili walikuwa wamelipa na kurudia somo walilokwisha kulifaulu. Tuliwarudishia pesa, muda wao sikuwa na pa kuutoa.

Kikao kilichofuata nilikwenda na ile bahasha, nikaiweka mezani, nikaeleza. Kimya kilichotokea kilikuwa kirefu. Mzee mmoja wa idara ya elimu, ambaye ametufundisha wengi wetu, akakohoa na kusema yeye pia ana kabati ambalo hajalifungua tangu mke wake alipougua. Mwingine akasema ana flashi iliyoingia virusi na aliogopa kutaja. Ndani ya wiki mbili zililetwa alama ambazo vitisho vyangu vya mihula mitatu havikuwahi kuzileta.

Kuhusu kompyuta: ziko, mpya 20, zinafanya kazi. Tangu gridi ya taifa ilipofika West Nile, mkoa wetu huu, mwaka 2024 jenereta letu limekuwa makazi ya kuku wa mlinzi, na sina hamu nalo. Kwa miaka tulitegemea umeme wa bwawa dogo la Nyagak, megawati 3.5 za kugawana mkoa mzima, na mwanafunzi alikuwa akiandika utafiti wake jicho moja likitazama taa. Timu ya mpira ilifungwa. Mgeni rasmi hakuja, akatuma hotuba.

Jambo ambalo halitoshei kwenye mstari wa fomu ni la chini ya mwembe.

Tuna wanafunzi kutoka Ituri, ng'ambo ya Kongo, waliokuja na vyeti vyao vya Kifaransa vikapelekwa UNEB, baraza la mitihani la taifa, kulinganishwa na vyetu kabla hawajapokelewa. Ni vijana wenye akili, lakini mihadhara ya Kiingereza ilikuwa ikiwapita juu kama ndege za Umoja wa Mataifa. Wiki ya tano wawili walikosekana kwenye majina. Nilipowapata walisema wanafikiria kurudi Bunia, bora wakauze duka. Wasichana wawili wa hapa mjini, Kiswahili chao cha sokoni kimekomaa, wakasema wataanza kukaa nao jioni. Likawa kundi. Nikipita kwenda nyumbani nawasikia wakigombana kwa Kiswahili juu ya uchumi, uhasibu, na siku moja juu ya somo langu. Walikuwa wamekwama kwenye ule mkengeuko, kipimo cha namba zinavyotawanyika kutoka kwenye wastani, ambao huwa nauandika ubaoni kwa herufi ya Kigiriki na kupita haraka. Mkongo mmoja akachukua kokoto, akaweka moja katikati na nyingine akizisambaza pembeni. "Hii ni kisima cha kijiji," akasema. "Hizi ni nyumba. Mwalimu anauliza tu: kwa kawaida, mtu wa hapa anakaa mbali na kisima kiasi gani?"

Nimefundisha jambo hilo miaka 16. Muhula ujao nitakwenda darasani na kokoto.

Katika kundi hilo alikuja kuingia msichana wa Wakiso, Mganda wa damu, ambaye mwanzo wa mwaka alikataa somo la Kiswahili kwa maandishi. Nilimwita nijue sababu. Bibi yake, akasema, akisikia Kiswahili bado anafunga mlango. Kwake ni lugha ya vizuizi vya barabarani, ya askari anayeuliza "wewe ni nani" huku ameshika bunduki. Sikubishana naye. Mimi ni mtoto wa kambi, najua bibi yake alisikia nini, na najua sheria haifungui mlango wa bibi: Katiba iliifanya lugha hii kuwa ya pili rasmi mwaka 2005, Baraza la Mawaziri likaamua Julai 2022 ifundishwe kwa lazima msingi na sekondari, na bado Kampala ukimsalimia mtu kwa Kiswahili anaweza kushika mkoba wake. Nilimwambia tu ashuke soko la Arua akanunue nyanya. Alirudi baada ya wiki tatu akiuliza kama anaweza kujiunga kwa kuchelewa. Novemba alifanya mahojiano ya utafiti wake kwenye makazi ya wakimbizi ya Rhino Camp, kwa Kiswahili, bila mkalimani. Alisema kuna mama mmoja alimrekebisha ngeli mara nne na kumpa mahindi ya kuchoma.

Si wote niliowafikia. Kijana mmoja wa mwaka wa pili simu yake iliita siku nyingi bila kupokelewa, kisha siku moja ikapokelewa kwenye kelele za malori. Alikuwa Elegu, mpakani na Sudan Kusini, anapakia na kupakua mizigo. Nikaanza hotuba yangu ya ufuta na LC1. Akanisikiliza hadi mwisho, adabu tupu.

"Dokta, sina shamba. Mdogo wangu anafanya mtihani wa S.4, kidato cha nne, mwaka huu. Nikirudi mimi, yeye ndiye atatoka."

Sikuwa na safu ya hilo. Nilichoweza kumwomba ni asipotee kimyakimya. Wengi hawajui tofauti: ukiondoka bila kuaga, mfumo unakuhesabu umeanguka, deni linakua, na ukirudi unaanza upya. Ukiandika kuomba ule wanaouita mwaka mfu, nafasi yako inakungoja. Ni karatasi moja. Alisaini akiwa amesimama, akaipiga picha juu ya gunia la saruji na kunitumia kwa WhatsApp. Kidole chake chenye vumbi kinaonekana pembeni. Nimeichapisha na kuiweka kwenye faili lake. Mitihani ya S.4 imekwisha kama yetu. Nimempigia mara mbili wiki hii, simu inasema mteja hapatikani.

Daftari la mhasibu bado halijafungwa, kuna majina ya kungoja Januari, na makao makuu wameuliza mara mbili. Lakini yule mzee wa Terego alifika jana asubuhi, juu ya boda, shati limenyooshwa kwa pasi ya mkaa. Alitoa risiti ya benki kwenye mfuko wa nailoni, akaiweka mezani kwa mikono miwili. Yule mtu wa gari, akasema, alikuja tena baada ya ufuta kukauka, akanunua kwa bei ya watu. Kisha akatoa kifurushi. Ufuta, kama kilo tatu, mweupe, umepepetwa vizuri.

Nikajieleza kuhusu kanuni ya zawadi kwa watumishi. Alinitazama kama mtu anayemtazama mgonjwa. Tukakubaliana kwamba zawadi ni ya chuo, si yangu, na chuo kina kantini, basi mama wa kantini akaupokea, akaukaanga mchana uleule na kuutwanga. Ofisi zote zilinukia hadi jioni.

Nikiwa bado na kijiko mdomoni nilimuuliza wiki ya mitihani alipika sufuria ngapi.

"Mbili," akasema. "Na saa sita na nusu zilikuwa zimeisha. Kijana wa chapati alikuja hapa kuazima maharage, nikamfukuza."

Nikaenda jikoni na simu yangu. Sufuria kubwa ilikuwa imeinamishwa ukutani, nyeusi nje kwa masizi, ndani imekwanguliwa hadi inang'aa. Nikaipiga picha, nikaiambatisha kwenye mstari wa kwanza, nikatuma fomu ikiwa na mistari tisa mitupu. Leo asubuhi wamejibu. Wanauliza, kwa heshima zote, sufuria hii inahusiana vipi na taaluma.

Mama wa kantini anasema nimpe simu aongee nao mwenyewe.